Mrejesho: Sukari ya alfajiri kwenye pampu ya insulini

Wakuu, niliuliza kwa nini mgonjwa wetu analala na sukari 7 (mmol/L) anaamka na 13. Asanteni, tatizo lilikuwa insulini ya msingi, ile pampu inayotoa kidogo kidogo usiku na mchana: alfajiri haikutosha. Kipimo cha saa 9 usiku kilitoa 7.2, kwa hiyo sukari haikushuka kwanza ndipo ikaruka. Daktari akaipandisha insulini hiyo kutoka uniti 0.80 hadi 0.90 kwa saa, kuanzia saa 8 usiku, maana badiliko huchelewa kama saa mbili kuonekana. Kingine hakikuguswa. Sasa anaamka na 7 hadi 8.

Ila joto la Tanga hili! Jasho linabandua plasta, kanula (kijibomba laini kinachoingiza insulini chini ya ngozi) inachomoka kidogo, insulini inavujia nje na pampu wala hailii. Kausheni ngozi kabisa kabla ya kubandika. Sukari ikipanda ghafla, kagueni kanula kabla ya kugusa mipangilio.