Breki za hybrid zinapiga kelele, shida nini?

Wakuu habari, gari langu ni hybrid (lina injini ya mafuta na mota ya umeme), asubuhi nikikanyaga breki inalia kwiii hasa nikikaribia kusimama, mchana inapungua. Pedi bado nene. Nibadilishe au?

— Mkuu usikimbilie kununua pedi. Hybrid ikipunguza mwendo mota ndo inafanya kazi kubwa na kurudisha chaji kwenye betri, pedi zinagusa disiki kidogo sana mpaka ule mwendo wa mwisho mwisho, ndo maana inalia hapo, disiki zinashika kutu bure. Tafuta barabara tupu iliyonyooka, weka gia N (huru) ili mota isisaidie, kanyaga breki kwa nguvu kiasi mara kadhaa, kutu itatoka.

— Naongezea, mwambie fundi afungue kaliper (kile kifaa kinachobana pedi kwenye disiki) asafishe zile pini na kuzipaka grisi ya breki, sio grisi yoyote tu jamani, hybrid nyingi pini zinaganda.

— Ikianza kukwaruza chuma kwa chuma hiyo sio kutu tena, paki. Pedi ikibaki chini ya milimita 3 badilisha.

— Na ule mvumo ukifungua mlango?

— Pampu ya breki hiyo inajaza presha, kawaida.