Niombe kozi gani ili niwe mteknolojia wa tiba ya nyuklia?

Binti wa Arua (aliyeuliza)

Ndugu zangu, salaam kwenu. Nimefanya mtihani wa UACE, ule wa kumaliza kidato cha sita hapa Uganda, katika fizikia, kemia na baiolojia, na kwa sasa ninasubiri matokeo. Kazi ninayoikusudia ni ile ya mteknolojia wa tiba ya nyuklia, yaani mtu anayeandaa dawa yenye mionzi, kumdunga mgonjwa, kisha kumpiga picha kwa kamera ya gama. Katika orodha za kozi nilizozipitia nimeona radiografia, maabara na famasia, lakini jina la fani hii sikuliona popote, na mshauri wa masomo shuleni kwetu alidhani ninazungumzia mitambo ya umeme.

Naomba kufahamishwa njia iliyo halisi kwa mtu aliyeko Uganda, na pia kuelezwa kazi yenyewe inatofautianaje na ya mpiga picha za eksirei. Jambo la mwisho si langu bali ni la baba yangu: anaamini kwamba binti anayefanya kazi penye mionzi hatazaa, na hatakubali kulipa ada mpaka nimpelekee jibu lenye maelezo, si jibu la kumtuliza tu.

Radiografa wa Kampala

Dada, usisumbuke kutafuta jina la fani kwenye orodha. Njia iliyozoeleka kwa Mganda ni kuingia kwanza katika radiografia, iwe kwa shahada, kama ile inayotolewa na Chuo Kikuu cha Makerere, au kwa stashahada katika vyuo vya fani shirikishi za afya, kisha kusajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Fani Shirikishi za Afya, na baada ya hapo kujiendeleza katika tiba ya nyuklia ukiwa tayari una leseni na mahali pa kazi. Nasisitiza mahali pa kazi kwa sababu fani hii haijifunzwi kwa vitabu peke yake, na idara zenye kamera ya gama hapa nchini ni chache mno. Ile ya Hospitali ya Taifa ya Mulago, hapa Kampala, ndiyo inayojulikana zaidi. Kwa hiyo chuo utakachokichagua kitazame kwa jicho hili: je, wanafunzi wake hufanya mazoezi katika hospitali kubwa ambamo unaweza kuomba kupita katika idara hiyo, hata kama ni kwa muda mfupi?

Pia usiichanganye fani hii na tibamionzi, kwa kuwa watu wengi, wakiwamo wauguzi, huzichanganya. Mashine ya kobalti ya Mulago iliyoharibika mwaka 2016 na kuzua mjadala mkubwa magazetini ilikuwa ya tibamionzi: mionzi hutoka kwenye mashine na kuelekezwa kwenye uvimbe. Katika eksirei nayo mashine ndiyo chanzo, na ukiizima mionzi imekwisha. Katika tiba ya nyuklia chanzo ni mgonjwa mwenyewe baada ya kudungwa, ilhali kamera haitoi chochote bali hupokea tu. Kwa hiyo picha ya eksirei itakuonyesha umbo la figo, lakini skani ya nyuklia itakuonyesha iwapo figo hiyo inafanya kazi na kwa kiasi gani ikilinganishwa na mwenzake.

Kuhusu ufadhili, Uganda ni mwanachama wa IAEA, shirika la nguvu za atomiki lenye makao yake Vienna, tangu mwaka 1967, na shirika hilo hufadhili mafunzo ya nje kwa wataalamu wa nchi wanachama. Maombi hupitia serikalini kupitia taasisi unayofanyia kazi, kwa hiyo mwanafunzi aliyetoka kidato cha sita hana mlango hapo. Liko pia somo lake la mbali lililotungwa mahususi kwa wateknolojia ambao tayari wanafanya kazi katika idara ya tiba ya nyuklia, ambapo mtu husoma huku akisimamiwa kazini. Kote huko ajira inatangulia masomo, na vijana wengi hulielewa jambo hili kinyume.

Mganda wa Ughaibuni

Naunga mkono aliyoyaandika mwenzangu, ila niongeze kwamba Afrika Kusini fani hii inasomwa moja kwa moja kama shahada ya miaka minne, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Johannesburg na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Cape Peninsula, na baraza la taaluma za afya la huko lina daftari maalumu la wenye sifa hiyo. Ni njia iliyonyooka lakini ni ghali, na ukirudi nyumbani itakubidi kuthibitisha shahada yako mbele ya baraza letu. Kwa familia ya kipato cha kawaida nisingeipendekeza kama hatua ya kwanza.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni kazi yenyewe, kwa sababu nimeona watu wakiingia kwa kuvutiwa na kamera, kisha wakachoka walipogundua kwamba sehemu kubwa ya ustadi iko katika chumba cha dawa za mionzi, mgonjwa wa kwanza akiwa bado hajaitwa.

Dawa nyingi zinazotumika huundwa kwa teknesiamu-99m, ambayo nusu-maisha yake ni saa 6. Kitu kinachopungua nusu kila baada ya saa 6 hakiwezi kuagizwa Ulaya na kuwekwa kabatini. Kinachosafirishwa ni mzazi wake, molibdenamu-99, mwenye nusu-maisha ya saa 66, akiwa amefungwa ndani ya jenereta: chombo kidogo kizito kilichozungushiwa madini ya risasi ya kuzuia mionzi. Kila asubuhi mteknolojia hupitisha maji ya chumvi ndani yake, teknesiamu iliyozaliwa usiku kucha ikatoka na maji hayo, molibdenamu ikabaki. Ni ng'ombe anayekamuliwa kila kukicha na maziwa yake yakizidi kupungua. Baada ya wiki moja nguvu ya jenereta huwa imeshuka hadi takriban asilimia 17 ya ile ya mwanzo, na ndiyo maana idara hulazimika kuletewa nyingine mara kwa mara. Ndege ikichelewa, au mzigo ukakwama uwanjani Entebbe mwishoni mwa juma, hakuna anayekurudishia zile saa, na wagonjwa waliosafiri kutoka mbali watarudi bila kupigwa picha. Tanuri kuu la nyuklia la Chalk River nchini Kanada, lililokuwa likizalisha molibdenamu, liliposimama kuanzia Mei 2009 hadi Agosti 2010, hospitali za nchi tajiri nazo zilikosa teknesiamu.

Baada ya kukamua unapima kiasi ulichopata, unahakikisha kwamba molibdenamu haikuvuja pamoja nacho, kisha unachanganya na kemikali inayokipeleka kwenye kiungo kinachotakiwa. Kwa mifupa kuna kemikali yake, na figo vivyo hivyo zina zake. Unakagua kama mchanganyiko umeshikana sawasawa, maana usiposhikana utapata picha ya tumbo na tezi ya shingo badala ya mifupa, na mgonjwa atakuwa amepokea mionzi bure. Kamera nayo hukaguliwa kila siku kabla ya kazi ili ijulikane kwamba inapokea kwa usawa pande zote. Kila hatua huandikwa pamoja na saa yake. Mtu asiyependa kuandika saa atateseka katika fani hii.

Hapo ndipo mgonjwa anaingia. Skani ya mifupa humtaka asubiri kati ya saa mbili na nne baada ya sindano, akinywa maji mengi na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Ya tezi ya shingo huchukua muda mfupi zaidi. Ya figo mara nyingi huanza papo hapo dawa inapoingia. Mgonjwa anayesikia neno nyuklia kwa mara ya kwanza anahitaji kuelezwa haya kwa lugha anayoielewa, na hapo Kiswahili chako, Kilugbara chako na Kiganda cha kujifunzia njiani vitakufaa kuliko cheti.

Mwalimu wa Fizikia, Jinja

Nampa binti zoezi dogo. Mgonjwa anatakiwa kudungwa megabekereli 600 (kipimo cha nguvu ya chanzo cha mionzi) za teknesiamu saa nane mchana, nawe unapima dawa saa mbili asubuhi. Upime kiasi gani? Jibu ni 1200, na hilo ni jepesi. Sasa mgonjwa amechelewa, amefika saa kumi na moja jioni. Katika zile 600 zilizokuwapo saa nane, zimebaki ngapi? Wanafunzi wangu wengi husema 450, kwa kuwa saa tatu ni nusu ya saa sita. Jibu sahihi ni takriban 424, kwa kuwa upungufu huu hauendi kwa mstari ulionyooka. Ikiwa umeona sababu yake bila kuelezwa mara mbili, fizikia ya fani hii haitakushinda. Ikiwa hukuiona, tumia miezi hii ya kusubiri kurudia logi na vipeo.

Mkaguzi wa Usalama wa Mionzi

Nijibu suala la mzazi, nikianza kwa kusema kwamba hofu yake si ya kudharauliwa. Mionzi mikali huharibu uzazi kweli, ila tatizo ni kiasi. Tasa ya kudumu kwa mwanamke huzungumziwa pale viungo vya uzazi vinapopokea kwa mkupuo mmoja dozi inayolingana na milisiverti (kipimo cha mionzi inayopokewa na mwili) elfu kadhaa. Kiwango cha juu kinachokubaliwa kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka mitano, bila kuvuka 50 katika mwaka mmoja wowote, na idara inayofuata taratibu huwaweka watu wake chini kabisa ya hapo. Ili baba apate cha kulinganisha, binadamu yeyote, hata yule ambaye hajawahi kukanyaga hospitali, hupokea kwa wastani wa dunia takriban milisiverti 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula.

Hapa Uganda Sheria ya Nishati ya Atomiki ya mwaka 2008 iliunda Baraza la Nishati ya Atomiki, ambalo hutoa leseni na kukagua vituo vinavyotumia mionzi. Mfanyakazi huvaa beji inayopima mionzi aliyopokea, na anayeshika sindano huvaa pia pete ya kupimia vidole, kwa sababu vidole ndivyo hupokea zaidi kuliko sehemu nyingine ya mwili. Sindano huwekwa ndani ya kinga ya tungsteni. Mengine ni nidhamu ya kawaida: fanya upesi bila papara, na usisimame karibu na mgonjwa aliyekwisha dungwa ikiwa mazungumzo yanaweza kufanyika ukiwa mbali kidogo, kwa kuwa ukiongeza umbali maradufu, mionzi inayokufikia kutoka chanzo kidogo hupungua hadi robo.

Mfanyakazi akishika mimba hutakiwa kutoa taarifa mapema, na kuanzia hapo kazi zake hupangwa upya ili mtoto aliye tumboni asipokee zaidi ya milisiverti 1 kwa muda wote uliobaki. Kwa kawaida huondolewa kwenye kazi za iodini-131, ile inayotibu tezi, ambayo nusu-maisha yake ni siku 8 na ambayo ikiingia mwilini huenda moja kwa moja kwenye tezi. Baba akikubali, aombe siku moja atembelee idara yoyote ya mionzi na aulize kuonyeshwa daftari la vipimo vya wafanyakazi. Idara inayosita kulionyesha daftari hilo si mahali pa kumpeleka mwanawe.

Binti wa Arua

Nawashukuru nyote. Mwalimu, nilisema 450, kisha nikakaa chini na kikokotoo mpaka nikaielewa ile 424. Majibu ya Mkaguzi nimemsomea baba, naye ameomba nimrudie sehemu ya mimba, kisha akauliza swali ambalo nami sina jibu lake: ikiwa alama zangu hazitatosha kwa shahada, je, nianze na stashahada ya radiografia, au nisubiri mwaka mmoja niombe tena?

Radiografa wa Kampala

Anza na stashahada. Utatoka ukiwa na usajili na uwezo wa kuajiriwa, na baadaye unaweza kuomba kupanda shahada ukiwa unajilipia mwenyewe, jambo ambalo mzee atalifurahia. Ila kabla ya kulipa chochote, hakikisha kwamba chuo kimesajiliwa na kwamba Baraza la Wataalamu wa Fani Shirikishi za Afya linaitambua stashahada yake. Nenda ofisini kwao ukaulize mwenyewe, usitegemee bango la barabarani. Na ukifika mwaka wa mazoezi, omba kwa barua upangiwe Mulago.

Mganda wa Ughaibuni

Barua hiyo iandike mapema, mwanzoni mwa muhula, na uitaje idara ya tiba ya nyuklia kwa jina. Usipoitaja watakupeleka eksirei pamoja na wenzako wote.