Tupeane uzoefu: shoga wa kangomba, ulimjuaje na ulimtokaje?

MamaMwali_Chuno

Habari za jioni, wapenzi. Leo wanaume wapumzike kidogo, tuzungumze sisi kwa sisi.

Wasio wa huku Kusini niwaeleze kwanza kangomba. Miezi ya njaa, mikorosho haijazaa, anakuja mtu na hela au debe la mahindi, anakukopesha. Msimu ukifika, kuanzia Oktoba hivi, anarudi na kibakuli chake kuzipima korosho zako, kwa kipimo chake na bei yake. Serikali inapiga marufuku kila mwaka, tuna stakabadhi ghalani, yaani korosho zinakusanywa ghalani na kuuzwa mnadani, lakini kangomba haifi. Itakufaje, na mnunuzi anakuja siku ambayo ndani huna unga? Siku hiyo hakuna mtu mwema kama yeye.

Mie nilikuwa na shoga wa namna hiyo miaka sita. Nilipojifungua kwa kisu, mume wangu yuko safari, ndiye aliyenifulia nepi arobaini nzima. Sitamnyima haki yake. Ila nepi zile nazilipa hadi leo. Nikichelewa kupokea simu: "Umesahau nani alikuwa anafua mavi ya mwanao." Anasema mbele za watu huku anacheka, nami nacheka.

Kilichonifungua macho ni kikoba. Alichukua mkopo, mie nikiwa mmoja wa wadhamini, halafu akaacha kurejesha. Desemba tunavunja kikoba, tumekaa jamvini, wenzangu wanahesabiwa hela zao. Zamu yangu ikafika, mwekahazina akasoma: hisa zako zimefidia deni la fulani. Fulani mwenyewe kakaa mbele yangu na dera jipya, anamenya karanga, maganda anayapanga kwenye mkunjo wa nguo. Hakuinua macho. Usiku akatuma ujumbe: "Shoga usininunie, mbona mie sikuhesabu nepi."

Nilimtokaje? Sikumtoka. Milango yetu inatazamana, misiba ni yetu sote, na somo wa bintiye ni dada yangu. Nimeacha tu kumpa mambo ya ndani, na akiniomba kitu nasema "siwezi", basi. Sitoi sababu, maana ukimpa sababu tatu anazo dawa za zote tatu.

Haya, leteni yenu.

Bangua_Mikindani

Wangu tulikuwa tunabangua pamoja. Anayeijua kazi ile anajua: moshi, na mafuta ya ganda yanakubabua vidole mpaka ngozi inavuka, unapaka majivu unaendelea. Tukimaliza tunafunga vipakti, kila mtu anauza vyake stendi. Nikawa najiuliza mbona wateja wangu wanahamia kwake mmoja mmoja, na korosho zimetoka gunia moja, kikaango kimoja?

Siku hiyo dereva mmoja akaniambia, "Dada, zako si za mwaka jana?" Nani kakwambia? Akaelekeza kidevu upande wa pili wa basi.

Jioni ile ile alikuja kuniomba chumvi, nikampa. Asubuhi nikagawa kila kitu mbele ya mama mkwe wangu: kikaango chake, nyundo yangu, gunia nusu kwa nusu. Akauliza tumekosana nini. Nikamwambia hatujakosana, nataka kubangua peke yangu. Mpaka leo hajui kama najua. Wengine mtasema ningemwambia. Mie sikutaka kusikia viapo.

Ndoro_Yetu

Nimeweka ming'oko na chai ya rangi, endeleeni.

Binti_Mtanda

Nawasalimu kutoka Lindi. Wangu nilimjua kwa habari njema. Nikiwa na shida anakuja mbio na chupa ya uji. Nikiwa na la heri, kichwa kinamuuma. Nilipopata ajira ya ualimu, kijijini huko Nachingwea, yeye ndiye niliyempigia wa kwanza, hata mama bado. Kimya. Halafu: "Huko? Si kuna joto?"

Na Lindi kuna barafu?

Mzee_wa_Pweza

Ndiyo maana sisi wanaume tukikosana tunazipiga, yanaisha.

Bangua_Mikindani

Yaliisha wapi? Wewe na kaka yako hamjasalimiana tangu mlipogawana mtumbwi. Kaa pembeni.

Nimekosa_Mimi

Naona humu wote mmetendewa, hakuna aliyetenda. Ngoja niseme upande wa pili.

Shoga yangu alikuwa hajajaliwa mtoto, na mie ndiye niliyekuwa nafuatana naye kliniki. Mumewe mwenyewe alikuwa hajui majibu. Siku ya kumtoa mwali wa jirani tulishaonja uraka, pombe yetu ya mabibo, ngoma imekolea, wanawake tunarushiana vijembe. Zamu yangu ilipofika nikaingia katikati, nikaimba, na jambo lile nikalitia ndani ya wimbo. Hata sikupanga. Nilitaka watu wacheke, na wakacheka.

Yeye aliikaza kanga kiunoni akaendelea kucheza mpaka mwisho. Wiki iliyofuata akamtuma mtoto wa watu aniletee mfuko. Nikatoa kanga, pea mpya, haijakatwa. Nikaikunjua nisome jina: MDHANIAYE NDIYE SIYE.

Nilimfuata mara mbili kumwomba radhi. Amenisamehe kweli, tunasalimiana, nikiugua anakuja. Ila akikaa kwangu anazungumzia bei ya samaki.

MamaMwali_Chuno

Umeninyamazisha, dada.

Bibi_Kilwa

Wanangu, mkishaanza kufukuza msifukuze wote. Wangu mie aliingia ndani, akafunga mlango kwa komeo, akaniambia nanuka pombe na watoto wangu wanalala na njaa. Nilimchukia mwaka mzima, nikamtangaza mji mzima kuwa ana wivu. Yeye hakumwambia mtu hata mmoja aliyoyaona siku ile. Huyo wa Bangua maneno yake yalikwenda kwa dereva. Ya wangu yaliishia kwenye komeo. Mie nawapima hapo.

Mgeni_Newala

Shikamoo Bibi. Dada mwanzisha mada, hisa zako zilirudi? Nauliza kwa sababu kesho kikao, nimeombwa udhamini, laki tatu. Aliyeniomba tuliingia unyagoni siku moja. Deni la mwaka jana tulimlipia mie na mwenzangu.

MamaMwali_Chuno

Hazijarudi. Ananipa elfu tano tano, na mpaka nimkumbushe. Sasa wewe usiende kesho kujibu ndiyo au hapana, maana mkitazamana utasema ndiyo. Kaa leo ufikirie ni kiasi gani kikipotea hutamnunia. Mdhamini kwa hicho tu, na kiandikwe kitabuni kabla sanduku halijafungwa. Akikwambia "mbona kidogo, si tumetoka mbali", mwambie ndicho nilichonacho. Usiongeze neno.

Bibi_Kilwa

Marahaba mwanangu. Na usikae karibu naye.

Mgeni_Newala

Elfu hamsini. Nimeandika kwenye karatasi, iko kwenye pochi.