Mbwa wangu kaandikiwa kemo, zile dawa za kansa, hii kitu ipo kweli au napigwa?

kiboriloni_boy
Wakuu habari za jioni. Nina mbwa jike anaitwa Chausiku, miaka minne, wa kienyeji tu wa kulinda banda. Tangu mwezi uliopita naona matone ya damu kwenye simenti pale anapolala, nikajua yuko kwenye joto, sasa siku zinaenda damu haikati, juzi nikamgeuza nikakuta nyama imechomoza huko nyuma, nyekundu, ina vinundu kama koliflawa na ukiigusa inavuja. Bwana mifugo wa huku akasema apigwe risasi yaishe. Nikampeleka kwa daktari mjini, akapitisha pamba akaangalia kwenye hadubini, anasema ni kansa ya kupandana, atamchoma kemo kila wiki labda mara tano. Kila sindano nusu ya bei ya mbuzi. Kemo si ya watu jamani?

Mzee Mkavu
Binadamu tunachangishana kwenye magrupu ya wasap tupate hela ya kemo, wewe unampa mbwa. Tafuta mbwa mwingine mkuu.

mama_bobi
Mzee si lazima uchangie kila uzi. Mleta mada hupigwi, dume langu lilikuwa na hiyo hiyo. Sindano ya pili uvimbe umesinyaa kama zabibu kavu, ya nne hamna kitu. Ila kesho yake alikuwa hali, ugali dagaa anauangalia tu, nikampa supu ya miguu ya kuku ndo akalamba. Manyoya hayakutoka, sharubu tu zilipukutika.

dokta wa ng'ombe
Daktari wako yuko sahihi. Inaitwa TVT, na ni kansa ya ajabu, chembe zenyewe za uvimbe ndizo zinahama toka mbwa mmoja kwenda mwingine wakipandana, hata wakilambana na kunusana, ndo maana wengine inawatokea puani. Binadamu hupati. Dawa ya hiyo kemo ni vinkristini, na kwa TVT wengi wanapona kabisa, sio kama kansa ya matezi ambayo kemo inamnunulia mbwa muda tu. Mambo ya kuzingatia: apimwe chembe nyeupe za damu kabla ya kila sindano. Iingie ndani ya mshipa, ikivuja nje nyama inaoza, kwa hiyo mshike vizuri asirukeruke. Mkojo na kinyesi siku za mwanzo safisha na glavu, mjamzito asiguse. Na usikatishe eti kwa sababu damu imekata.

Tumbili wa Tanga
Hiyo dawa si inatoka kwenye yale maua ya pinki ya Madagaska yaliyojaa uani kwangu? Achemshe ampe bure.

dokta wa ng'ombe
Inatoka humo kweli ila inachujwa kiwandani, majani mengi sana yanatoa kiasi kiduchu. Ukichemsha unamlisha sumu. Usijaribu.

kiboriloni_boy
Asanteni wakuu. Leo kachomwa ya kwanza, nimemshika miguu mke wangu kashika kichwa, katulia kuliko mimi. Dokta kasema akipona nimfunge kizazi. Sasa shida moja, aliyempanda ni dume la jirani na huyo jirani ni mzee wa kanisa, naanzaje kumwambia mbwa wake akapimwe huko chini?