Naomba ushauri: hofu kiasi gani inafaa katika riwaya ya watoto?

Ndugu zangu waandishi na walezi, ninaandika riwaya ya watoto wa miaka 9 hadi 12, kuhusu msichana wa Pangani ambaye, akiwa ndani ya kivuko kinachoelekea Bweni, anagundua kwamba anapokasirika maji yaliyo karibu naye huchemka, na hasira yake ya kwanza inamuunguza mdogo wake mkono. Sura hiyo naipenda kuliko zote, kwa sababu mtoto anajiogopa mwenyewe kabla hajaogopwa na mtu mwingine.

Kinachonisumbua ni majirani. Nchini kwetu Tanzania Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na bado vikongwe wameuawa, hasa Kanda ya Ziwa, kwa sababu tu ya macho mekundu. Sitaki kamwe msomaji mdogo afunge kitabu changu kisha amnyooshee kidole mwenzake darasani. Hata hivyo, nikiwazuia majirani wasitamke neno "mchawi", hadithi itakuwa ya uongo.

Je, bibi yake anayeijua siri aieleze mapema, au nimwache msichana apapase gizani hadi katikati ya kitabu? Nawaomba hasa mliowasomea watoto wa rika hilo mniambie ni mambo gani yaliwakosesha usingizi.