Ala tupu za Metallica: Orion inashika namba moja kwa muziki au kwa msiba?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Kila tukipanga vipande visivyoimbwa vya Metallica, bendi ya metali ya Marekani, Orion (1986) inakaa juu. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa kwa habari za Cliff Burton, mpiga besi wao: basi la bendi lilipinduka Sweden tarehe 27 Septemba 1986, akafariki akiwa na miaka 24, na Orion ikapigwa kwenye mazishi yake. Yote ni kweli, na yanauma. Ila hiyo ni sababu ya kulia, haisemi lolote juu ya ubora wa kipande chenyewe. Mimi pia naiweka ya kwanza, na nashikilia kwamba ingekuwa ya kwanza hata kama Burton angekuwa hai leo.

Kipimo changu ni kimoja: nikisikiliza, je, kuna mahali natamani James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa wao, aanze kuimba? Kwenye Orion hakuna. Inaanzia mbali, sauti ikipanda taratibu, na ule mngurumo unaoudhania kinanda cha kanisani ni besi iliyorekodiwa tabaka juu ya tabaka. Magitaa yanaingia kwa mwendo wa askari. Halafu katikati kila kitu kinanyamaza, besi inabaki peke yake, mapigo yanageuka na kuanza kuyumba kama mashua iliyotia nanga. Hapo ndipo penyewe. Magitaa yanapanda juu ya besi hiyo kwa sauti mbili zinazoandamana, na mojawapo ya solo ni ya Hetfield mwenyewe, si ya Kirk Hammett, mpiga solo wa kawaida wa bendi. Kuna nyingine ambayo nilidhani miaka mingi ni gitaa, kumbe ni besi ya Burton. Mtu aliyenyimwa maikrofoni anaongea kwa mkono! Zaidi ya dakika nane zinapita na sijawahi kuzihesabu.

Ya pili kwangu ni To Live Is to Die (1988). Ya tatu Anesthesia (1983), besi tupu iliyokwaruzwa hadi inalia, na Lars Ulrich anaingia na dramu baadaye. Ya nne The Call of Ktulu (1984). Ya mwisho Suicide & Redemption (2008), karibu dakika kumi za rifu nzuri (vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwarudiwa) ambazo hazijui ziende wapi.

Nipingeni, lakini kwa hoja za masikio.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, Ktulu umeionea. Nimekulia Unguja kwenye taarab. Bashrafu hufungua shughuli, haina neno hata moja, na hakuna anayekaa akisubiri mwimbaji. Kila sehemu ikiisha, ala zinarudi kwenye kiitikio kilekile, na utamu uko kwenye kule kurudi. Ktulu imejengwa hivyohivyo: nyuzi zile za mwanzo zinarudi, kila mara na uzito zaidi, mpaka mwisho unapoanguka kama ukuta. Ukiita huko ni kusubiri mwimbaji, basi utatufutia bashrafu zote.

Na usisahau kwamba mwaka 1999 waliipiga na okestra ya San Francisco chini ya Michael Kamen, na rekodi hiyo ikapata Grammy ya kipande cha roki cha ala mwaka 2001. Fidla ziliingia kama vile nafasi yao iliachwa wazi tangu 1984. Orion haina nafasi hiyo, imejaa tayari.

Mchangiaji wa tatu

Naomba tuanze na sifa za kuingia mashindanoni. To Live Is to Die ina maneno. Ni machache, Hetfield anayasema bila kuyaimba, lakini yapo. Ala tupu maana yake ala tupu.

Halafu kuna jambo linaloniumiza zaidi. Kipande hicho kilijengwa kwa rifu alizoziacha Burton, ni maombolezo ya mpiga besi, na kiko kwenye albamu ambayo besi ya Jason Newsted, aliyemrithi Burton, ilishushwa hadi karibu isisikike. Unamliliaje mpiga besi kwa kuizima besi? Mimi siwezi kuiweka ya pili.

Mchangiaji wa nne

Kwa Suicide & Redemption nawaomba jambo moja tu: sikilizeni pale mwendo unapopungua katikati. Ile melodia ingekuwa ya bendi nyingine ndogo mngeisifu. Imezaliwa 2008, ndiyo kosa lake.

Mwanzisha mada

Ndugu wa bashrafu, umenishinda. Nimeirudia Ktulu usiku huu na kusikiliza kule kurudi badala ya kusubiri. Inapanda hadi ya tatu, Anesthesia inashuka. Grammy sikuihesabu, kwa kuwa ilipewa toleo la okestra na hapa tunapima rekodi za kwanza.

Kuhusu maneno ya To Live Is to Die, nakubali yapo. Ila yanakuja mwishoni, ala zikiwa zimeshasema yote, na kisha gitaa la akustika linarudi. Inabaki ya pili. Hoja ya besi siwezi kuijibu, ni dosari ya kweli na inaniuma kama inavyokuuma.

Kwa swali langu la kwanza naongeza ushahidi huu. Mwaka 2019 Anesthesia ilipigwa jukwaani na Scott Pingel, mpiga besi wa okestra ya San Francisco. Alipiga vizuri sana, lakini dakika zote zile nilikuwa namwona Burton tu. Orion ilipigwa jukwaani kwa ukamilifu mara ya kwanza mwaka 2006, miaka 20 baada ya kutolewa, besi ikiwa mikononi mwa Robert Trujillo. Ilipofika pale katikati, pale pa mashua, nilisikia Orion. Burton nilimkumbuka ilipokwisha.

Anayeona nimekosea aniambie ni dakika ya ngapi, nami nitairudia.