Mrejesho: Niliyeuliza kuhusu kuomba wakati wa msiba

Wapendwa katika Bwana, niliwauliza jinsi ya kuendelea kuomba baada ya kumzika mama, huku tukiwa hatusemezani na kaka yangu kwa sababu ya deni la mazishi. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Kilichonifaa zaidi ni Zaburi ya 13, fupi yenye aya sita tu, ambayo humwuliza Mungu "hata lini" mara nne kabla ya kufika kwenye tumaini. Niliisoma kila alfajiri hapa Kondele, Kisumu, kabla ya kwenda sokoni Kibuye, na hatimaye nikaelewa kwamba kumlilia Mungu kwa uchungu nako ni kuomba. Usingizi umerudi, ingawa kanisani, wimbo alioupenda mama ukiimbwa, bado hunibidi kutoka nje.

Kuhusu kaka, nilifuata Mathayo 18:15, inayosema ndugu yako akikukosea umwendee mzungumze ninyi wawili tu, nikamwendea Nakuru peke yangu. Tulikunywa chai, tukaomba pamoja, lakini deni hatukulimaliza: amelipa nusu ya fungu lake, na nusu iliyobaki hataki izungumzwe. Ugomvi haukutokea kwa kuwa nilikuwa nimeandika matumizi yote daftarini, kama alivyonishauri mzee mmoja kati yenu, ambaye namshukuru kwa moyo wote. Tutaonana tena nyumbani mwezi wa Desemba.